Sura ya Saba: Seli Zipo, Habari Haifiki

Sidhani kama kuna herufi za maabara zilizozoeleka vinywani mwa watu wetu kuliko CD4. Kwa miaka mingi, katika kliniki za CTC nchini Tanzania na katika vituo vya aina hiyo Kenya na Uganda, mgonjwa akirudi nyumbani aliulizwa kwanza swali moja: CD4 zako ngapi? Zikiwa chini ya 200, nyumba nzima ililala na hofu. Zikipanda kupita 500, watu walimshukuru Mungu. Bibi ambaye hajawahi kuketi katika darasa la biolojia aliweza kukueleza kwamba VVU huziangamiza seli hizo, na kwamba dawa zikimezwa kwa saa yake seli hurudi.

Hiyo ni elimu kubwa, na iliokoa maisha ya wengi. Lakini hesabu ya CD4 hutuambia seli ni ngapi tu. Haitwambii kama seli hizo, zikikutana na adui, zina uwezo wa kufanya chochote. Kwa watu wengi swali hili la pili halina haja ya kuulizwa, kwa kuwa seli iliyopo ni seli inayofanya kazi. Kuna watoto wachache duniani ambao kwao sivyo.

Mtoto wa namna hiyo huzaliwa mzima, analia, ananyonya, anaongezeka uzito. Baada ya miezi michache huanza kuugua: kichomi kinachorudi kila kikitibiwa, kuhara kusikokoma, utando mweupe wa fangasi mdomoni usiosikia dawa. Daktari akipima damu anakuta seli nyeupe za kutosha. CD4 zipo, pengine nyingi kuliko za mtoto wa jirani. Hana VVU. Seli zake T, jamii ya seli za kinga ambamo CD4 zimo, huzunguka mwilini, humkuta adui na kumshika kama zinavyopaswa, halafu zinanyamaza. Akikosa tiba ya kupandikizwa uboho, kwa kawaida hafiki mbali utotoni.

Anachokosa ni protini moja yenye asidi amino 619 iitwayo ZAP-70. Ni kimeng'enya cha jamii ya tairosini kinasi, na sura hii nzima ni habari zake.

Kinasi ni kimeng'enya kinachochomoa fosfati kutoka kwenye ATP na kuibandika juu ya protini nyingine. Kazi hiyo inaonekana ndogo, lakini fosfati ina chaji hasi kali, na protini iliyobandikwa hubadili umbo lake, au hupata mahali papya ambapo protini ya tatu inaweza kuja kushika. Hivyo ndivyo seli inavyopeleka habari kutoka kwenye utando wake wa nje hadi kwenye kiini. Binadamu ana kinasi zaidi ya 500. Nyingi hubandika fosfati kwenye asidi amino mbili, serini na threonini. Takriban 90 tu ndizo zinazobandika kwenye tairosini, na mpaka mwaka 1979 hakuna aliyejua kwamba hata moja ipo.

Aliyegundua ni Tony Hunter, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Salk Institute kule La Jolla, California. Alikuwa akichunguza protini ya kirusi cha polyoma, kirusi kinachowaotesha panya uvimbe, akitaka kujua ni asidi amino ipi inayopokea fosfati. Njia aliyotumia ilikuwa kuivunjavunja protini hiyo, kisha kuzitenganisha asidi amino zake kwa umeme juu ya bamba lililoloweshwa kimiminika chenye tindikali. Kimiminika hicho kilitakiwa kiwe na pH ya 1.9. Hunter hakuchanganya kipya siku hiyo. Alitumia kilichokwisha kutumika mara kadhaa, na pH yake ilikuwa imeshuka hadi 1.7.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyofungua mlango. Katika pH ya 1.9, tairosini yenye fosfati na threonini yenye fosfati hutembea kwa kasi moja, na mtu huona doa moja tu. Katika 1.7 zinaachana. Hunter akaona doa mahali ambapo halikutarajiwa. Hakulipuuza. Alitengeneza tairosini yenye fosfati kwa mkono wake, akaipitisha kando ya ile ya kirusi, na madoa yakalingana. Watu hupenda kusimulia kisa hiki kama kisa cha bahati. Mimi naona jambo jingine ndani yake. Katika seli ya kawaida, fosfati zilizo kwenye tairosini hazifiki hata moja katika elfu ya fosfati zote za protini. Kitu kichache namna hiyo huonekana na mtu aliyezoea kuyatazama madoa yake moja baada ya jingine, akitaka kujua kila moja limetoka wapi.

Uchache huo una maana kubwa kwa seli yenyewe. Kuna vimeng'enya vingine, fosfatasi, ambavyo muda wote vinaondoa fosfati kwenye tairosini. Matokeo yake ni utulivu: karibu hakuna alama yoyote. Basi kinasi ikiwaka na kubandika alama chache, zinaonekana mara moja, na fosfatasi zikiruhusiwa kurudi, alama zinafutika na seli inatulia tena. Ni mfumo wa habari za haraka, za kuja na kuondoka.

Ndani ya muda mfupi Hunter na mwenzake Bart Sefton walionyesha kwamba protini ya Src, iliyotoka kwenye kirusi cha saratani ya kuku alichokieleza Peyton Rous mwaka 1911, hufanya kazi hiyo hiyo ya kubandika tairosini. Katikati ya miaka ya 1980, ndugu mmoja wa Src alipatikana katika seli T za saratani za panya. Kundi la Roger Perlmutter kule Seattle lilikuwa miongoni mwa waliosoma jeni yake, mwaka 1985. Ndugu huyo aliitwa Lck. Hakuna aliyejua bado ana kazi gani katika seli T, ila kila mmoja alihisi kwamba kinasi iliyojaa namna ile katika seli za kinga haikuwekwa pale bure.

Tuje sasa kwenye kipokezi. Seli T hutambua adui kwa kipokezi kilicho juu ya utando wake. Kipokezi hicho hakimtazami kirusi mzima mzima. Hutazama kipande kidogo cha protini ya kirusi kilichowekwa nje na seli iliyoambukizwa, juu ya molekuli iitwayo MHC. Mwaka 1984 jeni za kipokezi hicho zilipatikana hatimaye, kwa kazi ya Mark Davis na wenzake Marekani, na ya Tak Mak na wenzake Toronto. Furaha ilikuwa kubwa, na papo hapo likaja fumbo. Minyororo miwili inayomgusa adui ina mikia mifupi mno upande wa ndani wa seli, asidi amino chache tu. Mikia hiyo haiwezi kubandika chochote wala kushika chochote. Pembeni yake imesimama minyororo mingine, ile ya CD3 pamoja na zeta, ambayo ina mikia mirefu zaidi. Nayo pia si vimeng'enya. Kwa maneno mengine, kipokezi chote kina uwezo wa kuona, lakini hakina uwezo wa kutenda.

Dokezo lilitoka kwa Michael Reth, Mjerumani wa Freiburg, katika barua fupi aliyochapisha mwaka 1989. Alilinganisha mikia ya protini kadhaa za kinga na kuona mpangilio mmoja ukijirudia: tairosini mbili, zikiwa na umbali maalumu kati yake. Mpangilio huo leo unaitwa ITAM. Kipokezi kimoja cha seli T kina ITAM kumi, maana yake tairosini 20 zinazosubiri. Sita kati ya ITAM hizo zimo katika minyororo miwili ya zeta peke yake.

Nani anazibandika? Hapa ndipo CD4 inaporudi, na naomba msomaji aliyeijua CD4 kliniki aiangalie upya. CD4 si alama iliyowekwa juu ya seli ili mashine ipate kuhesabu. Ni mkono. Mwaka 1988 makundi mawili, moja likiwa la Christopher Rudd na jingine la André Veillette, yalionyesha kwamba mkia wa ndani wa CD4 umeishika Lck. Baadaye ilijulikana kwamba kinachowaunganisha ni chembe moja ya zinki iliyobanwa kati yao. CD8, mkono wa namna hiyo ulio juu ya kundi jingine la seli T, nayo inaishika Lck, ila si kwa nguvu sawa. Kipokezi kikimshika adui juu ya molekuli ya MHC, CD4 huishika molekuli hiyo hiyo ubavuni, na kwa kufanya hivyo huisogeza Lck karibu kabisa na ITAM. Lck inabandika fosfati kwenye tairosini zote mbili. VVU vinalijua hili kwa namna yao: protini yao iitwayo Nef huiondoa CD4 juu ya utando na kuihamisha Lck mbali na mahali pake pa kazi.

Bado hatujafika kwenye ZAP-70, lakini tuko mlangoni. Arthur Weiss na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliona mwaka 1991 kwamba kipokezi kikiamshwa, kuna protini yenye uzito wa kilodaltoni 70 inayokuja kushikamana na zeta. Mwaka uliofuata waliisoma jeni yake, na jina lake limebeba historia hiyo: protini ya 70 iliyoshikamana na zeta. ZAP-70 ina vifuko viwili vinavyoshika tairosini yenye fosfati, na umbali kati ya vifuko hivyo unalingana na umbali kati ya tairosini mbili za ITAM. Fosfati moja haitoshi kuishika vizuri. Ni lazima ziwe mbili. Inapokuwa huru ndani ya seli, ZAP-70 imejikunja na kujifunga yenyewe. Kundi la John Kuriyan kule Berkeley lilionyesha umbo hilo mwaka 2007. Ikishika ITAM inafunguka kiasi, kisha Lck inaibandika nayo fosfati, na hapo ndipo inapowaka kweli. Angalia basi: Lck inahitajika mara mbili, kwanza kuandaa mahali pa ZAP-70 kukaa, pili kuiwasha ikishakaa. Seli haiachii uamuzi huu utokee kwa ajali.

Jaribio linaloonyesha haya yote ni la kawaida katika maabara za kinga, na linafaa kutazamwa kwa karibu. Huchukuliwa seli ziitwazo Jurkat, ambazo asili yake ni damu ya mvulana wa miaka 14 aliyekuwa na saratani ya damu katika miaka ya 1970. Seli zake zimeendelea kuishi katika chupa za maabara mpaka leo. Zinagawanywa katika vijichupa, vinawekwa ndani ya maji ya nyuzi 37, na kila kimoja kinatiwa kingamwili inayokamata CD3 na kukidanganya kipokezi kwamba adui amefika. Kijichupa cha kwanza kinasimamishwa hapo hapo, kingine baada ya dakika moja, kingine mbili, kingine tano. Kusimamisha ni kumwaga kimiminika baridi chenye sabuni, seli zipasuke na fosfatasi zisipate nafasi ya kufuta alama. Protini zinachemshwa, zinapangwa kwa uzito ndani ya jeli kwa umeme, zinahamishiwa kwenye karatasi nyembamba, kisha inamwagwa kingamwili inayoshika tairosini yenye fosfati pekee.

Mstari wa dakika sifuri huwa karibu mtupu. Mstari wa dakika mbili umejaa: kuna michirizi chini kabisa ambayo ni zeta, kuna mmoja mweusi kwenye 36, mwingine kwenye 70, mwingine juu yake kidogo kwenye 76. Kwenye dakika ya kumi au kumi na tano michirizi imeanza kufifia. Kisha yapo majaribio ya Jurkat iliyopoteza Lck, inayoitwa J.CaM1. David Straus na Weiss walichapisha habari zake mwaka 1992. Ukiiamsha hiyo, dakika mbili hazitofautiani na sifuri. Kipokezi kipo juu ya utando na kimekamatwa barabara, lakini karatasi ni nyeupe. Walipoirudisha jeni ya Lck, uwezo wa kupeleka habari ukarudi.

Ule mchirizi wa 36 ni protini iitwayo LAT, na ule wa 76 ni SLP-76. Hizo ndizo ZAP-70 inazozibandika. Kinachofuata nitakipitia haraka, kwa sababu tangu hapo njia zinagawanyika mno. LAT ikishabandikwa hukusanya protini nyingine kuizunguka. Mojawapo huyakata mafuta fulani ya utando, kalsiamu inamwagika ndani ya seli, na kalsiamu inakiamsha kimeng'enya kiitwacho kalsineurini, ambacho huiruhusu protini ya NFAT kuingia kwenye kiini na kuwasha jeni. Seli inaanza kutoa homoni za kinga na kugawanyika. Mtu aliyepandikizwa figo, wakiwemo waliopandikizwa Muhimbili tangu huduma hiyo ilipoanza mwaka 2017, akimeza siklosporini au takrolimasi, anaizuia kalsineurini. Seli zake T bado zinaiona figo ya mgeni, na ZAP-70 bado inafanya kazi yake. Habari inakatwa hatua chache baada yake, na figo inaachwa salama.

Turudi kwa watoto. Chaim Roifman na wenzake katika hospitali ya watoto ya Toronto walikuwa wameeleza, mwaka 1989, ugonjwa wa ajabu wa kinga ambamo seli za CD8 hazimo katika damu ilhali CD4 zimo. Mwaka 1994 makundi matatu yalichapisha jibu karibu kwa pamoja: watoto hao wana kasoro katika jeni ya ZAP-70. Baadhi yao walitoka katika familia za Wamenonaiti, Wakristo wanaoishi katika jamii ndogo na kuoana wao kwa wao. Kwa baadhi ya wagonjwa, herufi tisa zilikuwa zimejichomeka ndani ya ujumbe wa jeni, na protini ikapata asidi amino tatu za ziada katika sehemu inayobandika fosfati. Tatu kati ya zaidi ya 600. Protini hiyo haikuweza kudumu. Ilivunjika na kutoweka.

Kilichonivutia zaidi katika karatasi zile ni namna walivyojua habari ilikatikia wapi. Waliziamsha seli za mtoto kupitia kipokezi chake: kimya. Kisha wakatumia kemikali mbili, moja inayopeleka kalsiamu ndani ya seli moja kwa moja, nyingine inayowasha njia za ndani bila kupitia kipokezi. Seli zikaamka na kugawanyika. Basi kiini kilikuwa kizima, jeni za kugawanyika zilikuwa nzima, na kila kitu kuanzia kalsiamu kwenda mbele kilikuwa kizima. Kipokezi nacho kilikuwepo. Pengo lilikuwa katikati, mahali pamoja.

Kwa nini CD8 zitoweke na CD4 zibaki? Maelezo yanayokubalika ni kwamba ndani ya thaimasi, tezi ambamo seli T hulelewa, kuna kinasi nyingine inayofanana na ZAP-70, iitwayo Syk. Hiyo hushika nafasi kwa muda, na inatosha kuzikuza seli za CD4, ambazo zinaibeba Lck kwa nguvu zaidi. Haitoshi kuzikuza CD8. Zikishatoka thaimasi, CD4 hupoteza sehemu kubwa ya Syk, na zinaingia katika damu bila chochote cha kuwasilishia habari. Panya hawana bahati hata hiyo: panya aliyenyimwa ZAP-70 hukosa CD4 na CD8 zote mbili.

Ugonjwa huu ni nadra sana, na sitaki mzazi yeyote asome hapa akaanza kumwogopea mtoto wake kila akikohoa. Nauandika kwa kina kwa sababu ya sisi wenyewe. Hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili: kila mmoja ana nakala moja nzima na moja mbovu, wote wawili ni wazima, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala mbovu mbili. Wazazi wakiwa ndugu wa damu, binamu kwa binamu, ndoa ambayo ni ya kawaida katika familia nyingi za pwani yetu na za Oman, uwezekano wa wote kubeba nakala ile ile mbovu huongezeka. Silisemi hili kumlaumu mtu kwa ndoa yake. Nalisema kwa sababu familia iliyozika watoto wawili kwa kichomi inastahili kuulizwa maswali ya ukoo, isiambiwe tu kwamba ni mapenzi ya Mungu.

Liko pia suala la chanjo. Watoto wetu huchanjwa BCG mara wanapozaliwa, na ni sawa wachanjwe, kwa kuwa kifua kikuu kinaua. Lakini BCG ni bakteria hai aliyedhoofishwa, na mtoto ambaye seli zake T hazifanyi kazi anaweza kushindwa kumdhibiti hata huyo. Kidonda cha chanjo kinachokataa kupona, mitoki ya kwapani inayovimba na kutoa usaha, kisha ugonjwa kusambaa mwilini: mtoto wa namna hiyo anahitaji kupimwa kinga. Tena vifaa haviko mbali kama tunavyodhani. Mashine kubwa za kuhesabu seli zilizoletwa katika hospitali zetu kwa ajili ya VVU zina uwezo wa kuhesabu CD8 kando ya CD4. Zile ndogo za vituoni huhesabu CD4 pekee, na kwa ugonjwa huu zitampa daktari namba ya kumfariji na kumpotosha. CD8 zisizoonekana kabisa kwa mtoto asiye na VVU ni habari nzito, na inatosha kumfanya daktari apige simu hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo.

Mpaka hapa ZAP-70 imeonekana kama kitu ambacho ama kipo ama hakipo. Kwa kweli kazi yake kubwa ni kupima. Kila siku kipokezi cha seli T hugusana na maelfu ya vipande vya protini za mwili wenyewe, na vingi vinakishika kidogo, kwa sekunde au pungufu. Kipande cha adui hushika kwa sekunde kadhaa. Tofauti ni ya sekunde chache tu, na bado seli T huweza kuitikia vipande vichache mno vya adui vilivyochanganyika na vya mwili visivyo na idadi. Mwaka 1995 Timothy McKeithan alipendekeza kwamba siri iko katika idadi ya hatua. Habari ikitakiwa kupita hatua nyingi kabla ya kufika, mgusano mfupi hukatika njiani na kila kitu huanza upya. Mtu aliyegusa mlango wako kwa bega akipita hapokelewi. Hupokelewa aliyesimama akabisha hodi ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Hatua mojawapo imeonekana wazi mikononi mwa ZAP-70 yenyewe. Kati ya tairosini za LAT, ipo ya 132, ambayo ndiyo inayoita kalsiamu, na ZAP-70 huibandika polepole kuliko zile nyingine. Sababu ni jirani yake. Kabla ya tairosini hizo nyingine imekaa asidi amino yenye chaji hasi, na ZAP-70 inaipenda chaji hiyo. Kabla ya 132 imekaa glisini, isiyo na chaji. Wan-Lin Lo, Weiss na wenzao walibadilisha glisini hiyo moja na kuweka aspatati, wakachapisha matokeo mwaka 2019: tairosini ya 132 ilibandikwa haraka, na seli T zikaanza kuitikia vipande dhaifu ambavyo zamani zilivipuuza. Ucheleweshaji ule ulikuwa ulinzi. Nakiri kwamba hakuna jambo katika biolojia ya kinga lililonishangaza kuliko hili: amani kati ya mwili na askari wake inategemea, kwa sehemu, kimeng'enya kufanya kazi moja polepole.

Je, kama ZAP-70 yenyewe ipo lakini dhaifu? Jibu la haraka lingekuwa kwamba kinga itapungua. Mwaka 2003 Shimon Sakaguchi na wenzake nchini Japani walionyesha jambo tofauti kabisa. Walikuwa na panya waitwao SKG, ambao ZAP-70 yao ina badiliko la asidi amino moja: mahali pa 163, triptofani imegeuka sisteini, na habari inayopita ni hafifu. Panya hao huugua baridi yabisi. Viungo vya vidole vinavimba, kisha vya mikono na miguu, na gegedu linaliwa na seli za panya mwenyewe. Ufafanuzi uko kwenye thaimasi. Pale, seli T changa inayoitikia mno vipande vya mwili hutakiwa kufa. ZAP-70 ikiwa dhaifu, seli hatari haisikii vizuri, inaonekana mpole, inaachwa hai. Wanapolelewa mahali safi sana, panya wa SKG wanaweza wasiugue. Vitu vitokavyo kwenye ukungu vinatosha kuwasha ugonjwa. Sakaguchi huyu ndiye aliyetunukiwa Nobel mwaka 2025 pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell, kwa kazi ya seli T zinazowatuliza wenzao.

Kwa binadamu pia imeonekana. Mwaka 2016 walielezwa ndugu wawili wa tumbo moja waliorithi badiliko la kudhoofisha ZAP-70 kutoka kwa mzazi mmoja, na la kuizidishia nguvu kutoka kwa mwingine. Kila mzazi alikuwa mzima. Watoto, wakiwa na nakala zote mbili hizo, walishambuliwa na kinga yao wenyewe tangu utotoni, hadi ngozi kutoka malengelenge.

Kwa hiyo mtu anayetafuta dawa ya kuitawala njia hii anafanya kazi nyembamba. Kundi la San Francisco lilitengeneza panya wenye ZAP-70 iliyobadilishwa kidogo ili izimwe na kemikali moja maalumu, isiyogusa kinasi nyingine. Mwaka 2010 walionyesha kwamba seli zinazotuliza kinga ziliendelea kutuliza hata shughuli ya kubandika ya ZAP-70 ikiwa imezimwa, wakati seli za mashambulizi zilinyamaza. Hilo linaleta tumaini la dawa itakayozituliza seli za vita na kuwaacha wapatanishi kazini.

Kwa sasa, dawa iliyo karibu zaidi na mgonjwa huishika Lck. Dasatinibu iliruhusiwa Marekani mwaka 2006 kwa saratani ya damu, kwa kuzuia kinasi nyingine kabisa, lakini inazizuia pia ndugu za Src. Wakati huo tiba mpya ilikuwa inakua: seli T za mgonjwa hutolewa, hupewa kipokezi cha kutengenezwa kinachoitambua saratani, hurudishwa mwilini. Kipokezi hicho kina mkia wa zeta ndani yake, na kwa hiyo habari zake hupitia Lck na ZAP-70 zile zile. Seli hizi mara nyingine hushambulia kwa nguvu inayoweza kumuua mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2019 watafiti wa Würzburg, Ujerumani, walionyesha kwamba dasatinibu huzisimamisha bila kuziua, na kwamba ikiondolewa zinarudi kazini. Kinachotafutwa sasa ni dozi, na idadi ya saa, zitakazotuliza shambulio bila kuipa saratani muda wa kujijenga upya.